Jinsi ya kunoa kisu cha kukunja nyumbani, na namna ya kukijua chuma chake

Maswali ya wanaoanza kunoa visu ni yale yale. "Nimekinoa jana, leo hakikati hata nyanya." "Ninunue jiwe namba ngapi?" "Kimeandikwa Stainless, ina maana ni kizuri?" "Fundi amekipitisha kwenye grainda, kikawa kikali siku mbili, sasa hakifai." Majibu nimeyaweka hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe, ili ukikaa mezani na jiwe lako usome huku unafanya.

Kisu ninachokizungumzia ni cha kukunja: Okapi, Opinel, Victorinox, au vile vya Kichina vyenye kibanio cha kuning'iniza mfukoni. Jambo moja lishike tangu sasa. Karibu kila chuma cha kisu, hata cha bei ndogo, kinaweza kunolewa kikakata karatasi bila kukwama. Chuma kinaamua makali yatakaa muda gani. Ukali wenyewe unatoka kwenye mkono wa anayenoa. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa kununua kisu kingine, kinoe sawasawa hicho ulichonacho.

Vitu vya kuandaa

- Jiwe la kunolea, yaani kinoo, la pande mbili. Lile la kijivu au jeusi linalouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi linatosha kuanzia. Ukipata lenye namba, chagua 400 upande mmoja na 1000 upande wa pili. Namba ndogo ni chembe kubwa, zinakula chuma haraka. Namba kubwa zinalainisha.
- Jiwe likikosekana, nunua msasa wa maji namba 400, 800 na 1500, uulaze juu ya kioo kinene au kipande cha kigae cha sakafuni. Unafanya kazi nzuri kuliko watu wanavyodhani.
- Maka peni nyeusi au ya bluu. Usiiache, kwa anayeanza ni muhimu kuliko ubora wa jiwe.
- Bakuli la maji, tone la sabuni ya vyombo, na taulo dogo la kuweka chini ya jiwe lisiteleze.
- Mkanda wa zamani wa ngozi halisi. Ile ya plastiki inayoigiza ngozi haifai.
- Mafuta ya cherehani, mswaki wa zamani na kijiti cha meno.
- Karatasi za daftari za kujaribia, na plasta ya jeraha karibu nawe.

Grainda haimo kwenye orodha, na nina sababu. Makali ni sehemu nyembamba kuliko zote kwenye kisu, kwa hiyo yanapata joto kwa sekunde chache tu. Chuma cha kaboni kikifika nyuzi joto 220 hivi kinageuka rangi ya majani makavu. Kikikaribia 300 kinakuwa cha bluu. Ukiiona bluu hiyo pembeni mwa makali, ugumu wa sehemu ile umekwisha, na hakuna jiwe litakalourudisha. Mnoaji wa mtaani anayezungusha jiwe kwa pedali za baiskeli ni afadhali sana, kwa sababu jiwe lake huenda polepole. Mpelekee panga na kisu cha jikoni. Kisu kidogo cha mfukoni kinastahili mkono wako mwenyewe, maana kila akipitisha anaondoa chuma kingi kuliko kinachohitajika.

Kijue chuma chako kwanza

Nitakuwa mfupi. Chuma cha kisu kina kaboni kidogo, mara nyingi kati ya asilimia 0.5 na 1. Kinapashwa moto hadi kiwe chekundu, kinazimwa ghafla kwenye mafuta au maji, kisha kinapashwa tena kwa moto mdogo ili kisivunjike ovyo. Kaboni ndiyo inayokipa ugumu. Ukiongeza kromiamu ya asilimia 12 au 13, kinapata sifa ya kutoshika kutu kirahisi. Hicho ndicho stenlesi, ambacho Harry Brearley alikitengeneza Sheffield, Uingereza, mwaka 1913.

Maneno Stainless, Inox na Rostfrei yote yanasema jambo hilo hilo moja: hakishiki kutu kirahisi. Hayasemi kama chuma ni kigumu, wala kama makali yatadumu. Kisu cha stenlesi laini kinaweza kupoteza makali kabla ya kile cha kaboni kinachopata madoa kila kikigusa ndimu.

Ugumu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell, na kwenye kasha utaona herufi HRC. Chini ya 54, makali yanakunjika mapema. Kati ya 55 na 58 ni chuma cha kazi za kila siku: kinanoleka haraka na hakimeguki kirahisi. Kuanzia 59 hadi 61 makali yanadumu zaidi na jiwe linakuchosha zaidi. Kikifika 62 na kuendelea, usikitumie kubandua wala kuvunjia kitu, kitamegeka.

Sasa visu vyenyewe. Okapi kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni ya Wajerumani barani Afrika. Tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Ni chuma cha kaboni cha kawaida, mpini wa mbao wenye nakshi za nyota na mwezi. Kinanoleka upesi sana, hata kwa jiwe baya, na ukikiacha kimelowa usiku kucha Tanga au Mombasa asubuhi unakikuta na kutu. Kwa anayejifunza kunoa sijui kisu kizuri kuliko hicho. Opinel ya Savoie, Ufaransa, ambayo Joseph Opinel alianza kuitengeneza mwaka 1890, inauzwa kwa aina mbili, Carbone na Inox; soma neno lililopigwa kwenye ubapa, yaani upande mpana wa kisu. Victorinox ni stenlesi ya HRC 56 hivi, kwa makusudi haikufanywa ngumu sana, ili mwenye nacho aweze kukinoa mwenyewe popote.

Kwenye visu vya Kichina utakutana na 8Cr13MoV, ambayo ni stenlesi ya wastani na rahisi kunoa, na D2, yenye kaboni karibu asilimia 1.5 na kromiamu karibu 12. D2 inashika makali muda mrefu lakini inapata madoa, na jiwe la bei rahisi litakutoa jasho. Ukiona 440, tafuta herufi inayofuata: 440A ina kaboni ndogo, 440C ina kaboni nyingi zaidi, na kisu kisichotaja herufi kichukulie kuwa ni cha 440A. Visu ghali vya chuma cha S30V na jamaa zake vina vanadiamu, S30V ikiwa na asilimia 4. Vanadiamu inapoungana na kaboni inatengeneza chembe ngumu kuliko chembe za jiwe la kawaida. Hivyo usihangaike navyo kwa jiwe la dukani, tafuta bamba la almasi, yaani bamba la chuma lililopakwa chembe za almasi.

Kama kisu hakina maandishi, kamulia tone la ndimu kwenye ubapa uliosafishwa, subiri dakika kumi, futa. Kikiacha doa la kijivu ni chuma cha kaboni. Kikibaki kama kilivyokuwa ni stenlesi. Usitumie sumaku kuamua. Sinki na sufuria nyingi za stenlesi hazishikwi na sumaku, lakini stenlesi ya visu ni ya aina inayoweza kuzimwa ikawa ngumu, na hiyo hushikwa na sumaku kama chuma kingine chochote.

Hatua kwa hatua

1. Safisha kisu kabla ya kukinoa. Fungua, hakikisha loki, au pete ya kufungia kama ile ya Opinel, imekaza, osha ubapa kwa sabuni, toa vumbi la mfukoni kwenye bawaba kwa kijiti cha meno. Mpini wa mbao usiuloweke. Kausha kabisa.

2. Kagua makali chini ya taa. Elekeza makali juu, uyatazame moja kwa moja huku ukiyageuza taratibu. Makali yaliyo sawa hayaonekani, kwa sababu hayana upana wa kurudisha mwanga. Palipo butu patang'aa, kijistari chembamba au nukta. Kumbuka nukta hizo ziko wapi, ndiko kazi iliko.

3. Andaa jiwe. Litumbukize majini hadi viputo viishe kutoka, kisha liweke juu ya taulo lililolowa, upande wa chembe kubwa ukiwa juu. Bamba la almasi halilowekwi, nyunyizia maji tu. Jiwe likishatiwa mafuta hata mara moja, litumie na mafuta siku zote. Maji hayataingia tena.

4. Chagua pembe. Kwa kisu cha mfukoni cha kazi mchanganyiko, nyuzi 20 kila upande ni sahihi. Huna haja ya kifaa. Kona ya karatasi ni nyuzi 90. Ikunje katikati ya kona, umepata 45. Ikunje tena, umepata 22 na nusu. Simamisha kikaratasi hicho juu ya jiwe, laza kisu kando yake, shusha mgongo kidogo tu chini ya mstari wa karatasi. Njia nyingine: kisu chenye upana wa sentimita 2 kutoka makali hadi mgongo, mgongo wake uinuke karibu milimita 7 juu ya jiwe, yaani unene wa penseli ya kawaida.

5. Paka maka kwenye mteremko wa makali, ule ukanda mwembamba unaoshuka kutoka ubapa hadi ukingoni, pande zote mbili, kutoka kisigino (mwisho wa makali karibu na mpini) hadi ncha. Pitisha kisu kwenye jiwe mara mbili tatu tu, kisha angalia. Wino ukiondoka juu tu, karibu na ubapa, umekilaza mno; inua mgongo. Ukiondoka kwenye ukingo tu, umeinua mno, shusha. Ukiondoka wote, umepata. Rudia kupaka kila unapokuwa na shaka. Wengi wanaoniambia "nimenoa saa nzima bila mafanikio" walikuwa wanasugua juu ya mteremko muda wote huo, makali yenyewe hayajaguswa.

6. Noa upande wa kwanza, na upande huo tu. Shika mpini kwa mkono wenye nguvu. Vidole viwili vya mkono mwingine viweke juu ya ubapa, karibu na makali, pale pale unapotaka jiwe lile. Gawa kisu sehemu tatu: kisigino, katikati, na tumbo hadi ncha. Sugua mbele na nyuma kwenye sehemu ya kwanza, kisha sogeza vidole kwenye ya pili, halafu ya tatu. Bonyeza kiasi cha ukucha wako kuanza kuwa mweupe, si zaidi.

   Kwenye tumbo, pale kisu kinapopinda kuelekea ncha, inua mpini kidogo kidogo kadiri unavyosogea. Usipouinua, jiwe halitagusa ukingo wa sehemu ile, na ndiyo maana visu vingi vilivyonolewa nyumbani vinakata vizuri katikati na kuteleza kwenye ncha. Usiinue zaidi ya inavyohitajika, na simama kabla ncha haijatoka nje ya jiwe. Ncha inayodondoka pembeni mwa jiwe inaviringika.

   Kama unatumia msasa, usiende mbele na nyuma. Vuta kisu mgongo ukiwa mbele na makali yakifuata nyuma, la sivyo unaichana karatasi na kuharibu makali.

7. Tafuta ukunjo. Hapa ndipo kunoa kunapofaulu au kushindwa. Chuma kikiliwa upande mmoja hadi kufika ukingoni, kijisehemu chembamba sana kinakunjika na kuchungulia upande wa pili. Weka kidole gumba kwenye ubapa wa upande ambao hukuunoa, kivute kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali. Usikivute kamwe kwa kufuata urefu wa makali. Ukisikia kitu kinakwaruza ncha ya kidole, ukunjo upo. Kama kidole hakikuambii kitu, pitisha kipande cha pamba kwa mwelekeo ule ule, nyuzi zitanasa.

   Ukunjo lazima uwepo kutoka kisigino hadi ncha bila kukatika. Ukiwepo katikati tu, rudi kwenye jiwe kwa sehemu zilizobaki. Usigeuze kisu kwa sababu umechoka au kwa sababu umeshahesabu mara hamsini. Hesabu haina maana hapa. Kisu kilicho butu sana kinaweza kuchukua nusu saa upande mmoja, kilichotunzwa dakika tatu.

8. Geuza, ufanye vivyo hivyo upande wa pili, hadi ukunjo uhamie upande wa kwanza, wote. Upande huu huenda ukawa mgumu kwako kwa sababu mkono umegeuka. Paka maka tena uhakikishe pembe ni ile ile. Unaweza kubadilisha mikono au kuendelea na ule ule, mradi pembe isibadilike.

9. Hamia chembe ndogo. Suuza kisu na jiwe, maana chembe kubwa zikibaki zitachora mikwaruzo. Sasa pitisha kisu chote kwa mwendo mmoja kutoka kisigino hadi ncha, makali yakitangulia, kana kwamba unamenya ganda jembamba la jiwe. Fanya upande mmoja hadi mikwaruzo ya awali ipotee, kisha mwingine. Mkono uwe mwepesi kuliko mwanzo.

10. Punguza ukunjo kwenye jiwe. Bado upo, mwembamba zaidi. Pitisha mara moja upande huu, mara moja upande ule, kwa uzito wa kisu peke yake bila kubonyeza. Endelea hivyo, huku ukipapasa pande zote mbili. Ukiukuta unahamahama tu, inua mgongo kidogo sana na upitishe mara mbili kwa kila upande, kwa wepesi ule ule, kisha rudi kwenye pembe yako.

11. Maliza kwenye ngozi. Bandika mkanda juu ya ubao ulionyooka. Vuta kisu mgongo ukiwa mbele; ukitanguliza makali unaikata ngozi. Tone la dawa ya kung'arishia shaba, likipakwa na kuachwa likauke, linaongeza kasi. Mara kumi kila upande zinatosha. Usibonyeze: ngozi inabonyea, inaviringika kwenye ukingo na kuondoa ukali uliotoka kuutafuta.

12. Jaribu kwa karatasi. Shika karatasi ya daftari kwa mkono mmoja, anza kukata ukingoni kwa kisigino na uvute hadi ncha. Kisu kikipita bila kurarua, kazi imekamilika. Kikikwama, angalia kilikwama wapi kwenye makali. Pale pana ukunjo uliobaki au palipo butu. Nyanya iliyoiva ni jaribio zuri zaidi kwa kisu cha kula: kiweke juu ya ganda bila kubonyeza, ukivute tu.

13. Osha, kausha, tia mafuta. Unga wa jiwe ukiingia kwenye bawaba unaila taratibu. Piga mswaki kwa maji ya sabuni, kausha, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye pini, ufungue na kufunga mara kadhaa. Ubapa wa chuma cha kaboni upake mafuta membamba ya nazi kama unakatia chakula.

Makali ya kazi gani?

Si kila kazi inataka makali yaliyong'aa. Kama unakata kamba za mkonge, magunia au mabomba ya plastiki, simama kwenye namba 400, ondoa ukunjo vizuri, pitisha ngozi mara tatu tu. Meno madogo yanayobaki ukingoni yananasa nyuzi na kuzikata, ambapo makali laini yangeteleza juu yake. Kwa kuchonga mti, kumenya matunda na kazi za fundi viatu, endelea hadi 1000 au msasa wa 1500. Na kwa kisu cha shamba kinachogonga mchanga na mifupa, ongeza pembe hadi nyuzi 25. Kitataka nguvu zaidi kidogo kukata lakini hakitamegeka kila siku.

Baada ya hapo, usisubiri kiwe butu kabisa. Ngozi kila baada ya siku chache za kazi, jiwe la chembe ndogo pale ngozi inapoacha kusaidia. Jiwe la chembe kubwa liwe la nadra. Kama huna jiwe karibu, geuza kikombe cha udongo: ule mduara wa kitako usiopakwa rangi ya kung'aa unaweza kurudisha makali yaliyochoka kidogo.

Kuna tabia tatu zinazoua makali haraka kuliko kukata kwenyewe: kukatia juu ya sahani ya udongo au meza ya marumaru, kukwangua kwa makali badala ya mgongo, na kufungulia makopo. Ubao wa kukatia ni rahisi kuupata kuliko kunoa upya.

Matatizo na namna ya kuyatatua

*Kinakata karatasi leo, kesho ni butu.* Mara nyingi ni ukunjo uliobaki ukasimama wima. Unakata vizuri mara chache kisha unalala au kukatika. Rudi hatua ya 10 na 11. Kama ulihakikisha hakuna ukunjo na tatizo linaendelea, huenda makali yalichomwa na grainda. Chini ya sehemu iliyochomwa bado kuna chuma kizuri: kwa chembe kubwa na maji mengi, ondoa karibu milimita moja, kisha anza upya. Ni kazi ndefu, ila kisu kinarudi.

*Kisigino hakiliwi na jiwe.* Mpini au kishikizo cha kidole gumba kinagonga ukingo wa jiwe. Sogeza kisu hadi mwisho kabisa wa upana wa jiwe, mpini ukining'inia nje, unoe sehemu ile peke yake.

*Kuna kipengo mahali pale pale kila baada ya siku chache.* Kisu chako cha springi kinafungwa kwa kuachiliwa kigonge, na makali yanafika kwenye springi iliyo ndani ya mpini. Kifunge kwa kukisindikiza kwa mkono. Weka kipande cha pamba ndani ya mpini ukifunge taratibu. Kama pamba inakatwa chini, makali yanagusa kweli.

*Mapengo makubwa.* Usinoe pengo peke yake, utatengeneza shimo. Noa urefu wote kwa chembe kubwa hadi pengo lipotee, ukihesabu kwamba itachukua muda.

*Ncha imevunjika.* Itengeneze kutoka upande wa mgongo, si upande wa makali. Tumia jiwe la chembe kubwa kushusha mgongo hadi ukutane na makali. Ukikata kutoka upande wa makali, ncha mpya itakaa juu, na kisu kikifungwa itachungulia nje ya mpini na kukuchoma mfukoni.

*Makali ya msumeno.* Jiwe bapa haliyawezi. Zungushia msasa namba 800 kwenye penseli au kijiti chenye unene wa bonde la meno, upitishe bonde moja baada ya jingine kwenye ule upande wenye mteremko tu, kisha ondoa ukunjo upande wa pili kwa msasa uliolala bapa.

*Jiwe limebonyea katikati.* Chora mistari ya penseli juu yake, lisugue kwa maji juu ya msasa namba 120 uliolala kwenye kigae hadi mistari yote ifutike. Jiwe lililobonyea halitunzi pembe hata mkono uwe hodari vipi.

*Madoa ya kijivu na bluu kwenye Okapi au Opinel Carbone.* Ukikata maembe na ndimu utayaona. Si kutu, yaache. Yanapunguza kasi ya kutu halisi. Kutu ni ile nyekundu inayokwaruza. Iondoe kwa jivu laini na mafuta, ukisugua kwa kizibo au kitambaa, na usitie mafuta juu ya kutu ukaiacha.

*Opinel imekuwa ngumu kufunguka msimu wa mvua.* Mpini wake mara nyingi ni wa mbao ambayo hunywa unyevu ikavimba. Hakikisha pete imefunguliwa, gonga kitako cha mpini juu ya meza, sehemu ile ya nyuma karibu na mgongo, kisu kitachungulia kiasi cha kukishika kwa vidole. Kisha kiache kikauke ndani ya nyumba siku chache mbali na moto. Mbao zikikaushwa kwa jiko zinapasuka.

*Loki imelegea, kisu kinajifunga chenyewe kikisukumwa.* Usikinoe na usikitumie hadi loki itengenezwe. Safisha uchafu kwenye loki na kaza skrubu ya bawaba kama ipo. Ikiendelea kuachia, kisu hicho kipeleke kwa fundi au ukiweke pembeni, maana kadiri makali yatakavyokuwa mazuri ndivyo vidole vitakavyoumia zaidi kikijifunga.